Sentensi Aliyoimalizia Mama

Asubuhi ya mtihani wa kuhutubia kwa Kijapani, binti wa dobi alisimama kando ya meza ya pasi akikariri hotuba yake. Chuo kizima kilimwita Profesa, lakini alipofika aya ya tatu Profesa alikwama.

Mama yake, bila kuinua macho kutoka kwenye kola ya shati la mteja, akaimalizia sentensi ile neno kwa neno.

“Mama! Umejifunza lini?”

“Nijifunze wapi, mwanangu? Muhula mzima unanipigia kelele hapa. Hebu niambie, hapo huwa tunasema nini?”

Binti akainamisha kichwa, akatafuta kalamu aikate sentensi ile kwenye karatasi ya hotuba. Sentensi yenyewe ilisema: “Mama yangu hajui hata neno moja la Kijapani.”