Uso wa Mama kwa Mita Mbili

Kaka yangu mkubwa Zuberi alipiga picha ya baiskeli, na kwa bahati mbaya mama yetu alikuwemo.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baiskeli ilionekana mpaka kengele yake. Gramafoni ilionekana juu ya meza, na nyumba yote ya matofali, na mabati, na mapazia niliyoshona mimi mwenyewe. Mama alikuwa kati ya mlango na mpapai, mdogo kama punje ya mchele. Na kwa kuwa Zuberi alichagua saa sita mchana, jua likiwa utosini, kilemba kilimtia mama kivuli kuanzia paji la uso mpaka kidevuni. Majani ya mpapai yalionekana kama yamemwota kichwani. Picha hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye bahasha ikaenda Kasongo.

Kasongo, kwetu Maniema, anakaa mama mdogo Aziza, ndugu pekee wa mama aliyebaki hai. Walikuwa hawajaonana tangu mama alipoolewa akaletwa huku Kisangani, miaka thelathini na miwili. Mwaka ule wa 1955 mama mdogo alituma barua iliyoandikwa kwa mkono wa mjukuu wake. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Moja lilikuwa limekwisha, la pili lilikuwa linafuata. Aliomba kitu kimoja tu: "Dada, nitumie uso wako nikiwa bado naona." Hakuomba mabati. Hakuomba gramafoni.

Lakini Zuberi alikuwa na lake. Alikuwa karani katika ofisi ya pamba karibu na bandari, kamera ya sanduku alikuwa ameinunua kwa Mgiriki, na siku zile alikuwa anaomba kadi ambayo serikali iliwapa watu weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Wazungu wangekuja nyumbani kuangalia kama tunakula kwa uma. Kwa hiyo picha ilikuwa moja na kazi mbili: nakala ya kutia kwenye maombi yake, nakala ya Kasongo. Na sitamwonea, hakuwa peke yake. Mtaani kwetu mtu akipigwa picha alitoa nje kila alichonacho, hata saa ya kuazima, akajipanga katikati ya vitu vyake mpaka usijue nani ni mwenye mali.

Barua huenda kwa treni mpaka Ponthierville, kisha kwa meli ya mto mpaka Kindu, kisha Mungu anajua. Jibu lilifika baada ya miezi miwili. Zuberi alilisoma kwa sauti: "Nyumba ni nzuri, Mungu aibariki. Baiskeli tumeiona. Mtoto ananionyesha kwa kidole mahali dada amesimama, lakini mimi sioni mtu, naona alama. Macho yananiacha. Fanyeni haraka."

Alikunja karatasi. "Bon," akasema kwa Kifaransa chake cha ofisini. "Baliona nyumba."

 Nilikuwa nashona blauzi ya mteja, nikasimamisha cherehani.

"Yaya Zuberi, mama mudogo anapofuka, na weye unamuonyesha mabati?"

"Sasa, Nyota, mutu bila bintu iko mutu gani? Batasema mama iko maskini."

"Batasema nani? Aliomba uso!"

"Acha. Mambo ya appareil ya picha haiko mambo ya cherehani."

Hapo ndipo aliponimaliza, maana ni mambo ya cherehani kabisa. Mimi ni mshonaji. Kitambaa kikiwa na maua mengi, ukiongeza kola ya lesi, mfuko wa rangi nyingine na vifungo vya kung'aa, jicho halijui pa kukaa, na mwanamke aliyevaa haonekani tena. Nusu ya kazi yangu ni kupunguza. Nani alimfundisha Zuberi kupunguza? Hakuna. Yeye aliijua picha kama mtu anavyolijua gunia: kadiri linavyojaa ndivyo bora.

Nilichukua karatasi iliyokuja na kamera. Kifaransa changu ni cha kununulia uzi, lakini tarakimu nazisoma. Palikuwa na mchoro wa mtu amesimama mita mbili mbele ya kamera, safi. Mchoro wa pili ulimwonyesha mtu aliyesogea karibu zaidi, naye alikuwa kama moshi. Mita mbili basi, si barabarani alikosimama Zuberi.

Filamu iliyokuwemo kwenye kamera ilikuwa ya picha nane. Saba Zuberi alikwisha kujipiga, au kupigwa na marafiki zake, na kwenye kidirisha chekundu cha nyuma ilionekana namba 8. Jumapili asubuhi, jua likiwa bado chini, nilimketisha mama barazani, kivulini, uso ukitazama uwanja ulio wazi ili mwanga umfikie shavuni. Nyuma yake nilitundika kitambaa cha kaki, kitupu, kisicho na ua hata moja. Kilemba nilikisogeza nyuma kidogo. Kisha nikatoa futi yangu ya ushonaji, ule utepe wa kupimia, nikapima kuanzia kioo cha kamera mpaka ncha ya pua ya mama: futi nzima, ambayo ni mita moja na nusu, kisha nusu mita tena.

Zuberi akatoka ndani amebeba redio aliyoileta jana yake. Akaiweka juu ya mapaja ya mama.

"Toa," nikasema.

"Iko picha ya mwisho, Nyota. Donc, tutie yote."

"Toa hicho kitu, ao nitakitupa mu mto."

Majirani walikuja uani. Tulitukanana mbele yao. Nilimwambia anamuuza mama yetu kwa uma na kisu. Yeye akaniambia mwanamke aliyerudishwa na mume hana la kumfundisha mtu. Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli nilirudi, na nilimrudishia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alikaa katikati yetu. Mwishowe aliinua ile redio kwa mikono yake, akaiweka chini sakafuni, akanyoosha mgongo.

"Piga, Nyota," alisema. "Minachoka na nyinyi wote mbili."

Nilibana kamera tumboni, nikazuia pumzi, nikabonyeza.

Picha ilipotoka kwa Mreno aliyesafisha filamu, mama alikuwa amejaa humo kuanzia kifuani. Kila mkunjo ulionekana, na doa jeusi karibu na mdomo, na macho. Na hasira pia ilionekana: midomo imebanwa, paji limekunjamana. Zuberi aliitazama muda mrefu. Bahasha aliiandika yeye mwenyewe. Nilifurahi, na sikumficha kwamba nafurahi.

Jibu lilipofika, Zuberi alilisoma kwanza kimya, akasita. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Soma," akamwambia.

Akasoma maneno ya mjukuu mwenyewe. "Picha imefika. Bibi aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuza huku na huku, akaniuliza upande wa uso ni upi. Jicho la pili lilizimika wiki tatu kabla ya bahasha. Nilimweleza kuna doa karibu na mdomo, akasema ndiyo, ni yeye, akalia. Anaomba mumjibu kitu kimoja. Mimi mwenyewe naona alivyo, lakini anasema niwaulize wenyewe: dada yake kwenye picha anacheka ao amekasirika?"

Wiki tatu. Miezi miwili tuliitumia kumpelekea yule mama baiskeli. Nilimtazama Zuberi nikatamani kumpiga na chochote kilichokuwa karibu. Aliinamisha kichwa.

Mama alichuma majani mengine mawili kwenye kikonyo.

"Mwandikie ninacheka," alisema.

"Mama," nikaanza.

"Mwandikie ninacheka."

Zuberi alichukua kalamu, akaandika kwamba mama anacheka. Mimi nilisimama nyuma yake kuangalia asiongeze kitu.