Nyumba Isiyo na Ngazi

Mercyline alikuwa anashuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu, Kimberly mgongoni amemshika shingo, mikongojo miwili ya mtoto ameibana kwapani, alipokutana na mwenye nyumba kwenye kona ya pili. Mwenye nyumba hakusogea. Alimngoja asimame, akihema, mguu mmoja juu na mwingine chini.

"Mama Kim," akasema, "watu wa chini wanalalamika. Hiyo mikongojo inagonga sakafu tangu alfajiri. Hii nyumba haikujengewa mtoto kama huyo. Si mtafute mahali panapomfaa?"

Kimberly alikuwa na miaka kumi. Homa ya uti wa mgongo ilimdhoofisha miguu akiwa mdogo, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Mercyline alisikia mikono ya bintiye ikimkaza shingoni.

"Nitapatafuta," akajibu. "Na nikishapapata, hakuna mtu atakayekuja kuniambia nitoke. Sasa nipishe, ama unataka mtoto achelewe shule?"

Mwenye nyumba akajibana ukutani, wakapita.

Walikuwa wameishi Kaptembwo miaka kumi na miwili. Mercyline alishona sare za shule katika kibanda karibu na stegi ya bodaboda, na Nicodemus, mumewe, alichomelea mageti na madirisha upande wa pili wa barabara. Vyumba vya chini mtaani mle vilikuwa maduka, na vile ambavyo havikuwa maduka viliingiwa na maji ya mitaro kila mvua ikinyesha. Waliwahi kujaribu kimoja. Walihama wiki ya tatu, godoro limeoza.

Jioni hiyo Mercyline alipakua ugali, akakaa, akamtazama mumewe.

"Tunanunua nyumba," akasema. "Si ploti ya kungojea tujenge Kimberly akiwa na wajukuu. Nyumba iliyosimama, ndogo, ya chini, kwenye mji mdogo tunaouweza. Akiba yangu ya sacco iko. Yako pia iko."

Nicodemus alikuwa mtu mpole, wa kulitafuna neno kabla ya kulitoa. "Na Sitati je? Nilimwahidi tutajenga nyumbani mwaka huu."

Nyumbani kwa Nicodemus kulikuwa Webuye, kwenye shamba la marehemu baba yao. Sitati, kaka yake mkubwa, alikuwa ameshawapimia mahali na kupigilia vigingi.

"Kutoka kwenye vigingi vya Sitati hadi shuleni, Kimberly atapita wapi?"

Kile kilima wote wawili walikijua, na mto ulio chini yake.

"Basi," akasema Mercyline, akamega ugali.

Dalali waliyempata aliitwa Waithaka, mwanaume wa viatu vilivyochongoka na simu mbili, ambaye hakuna mahali alipopaita pabaya. Kwanza aliwapeleka Ndabibi. Nyumba ilikuwa ya mabati, imezungukwa na kabichi mpaka mlangoni, na Ziwa Naivasha liling'aa upande wa mashariki. Nicodemus alivuta hewa akatabasamu.

"Mathe, hapa ni paradiso," akasema Waithaka. "Shule ni dakika tano tu."

"Dakika tano za nani?"

"Za kutembea."

"Haya, twende tutembee."

Kimberly akashika mikongojo yake, akatangulia. Waithaka alicheka kidogo, kisha alipoona hakuna mwingine anayecheka akafuata. Baada ya robo saa walifika ukingoni mwa korongo. Daraja lilikuwa magogo mawili yaliyolazwa kwa pamoja, yamelowa matope. Bati la shule lilionekana ng'ambo, karibu kabisa, kama la kumcheka mtu.

"Kiangazi hapa panapitika vizuri sana," akasema Waithaka.

"Na mvua ikinyesha watoto wanafunga shule?"

Tangu siku hiyo Mercyline aliweka sharti lake: hakuna nyumba atakayoizungumzia bei mpaka Kimberly atembee kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa darasa, kwa miguu yake, bila kubebwa. Elmenteita waliona ploti zilizozungushiwa waya, nadhifu, lakini shule yenyewe ilikuwa picha kwenye bango. Gilgil shule ilikuwepo, nzuri, ila bei ya nyumba ilimfanya hata Waithaka ashushe sauti. Mwisho akaacha kupokea simu za Mercyline. Wateja wengine, alimwambia Nicodemus, wananunua nyumba. Mkeo ananunua barabara.

"Mwambie amesema kweli," akajibu Mercyline.

Kwa hiyo alishangaa, mwezi mmoja baadaye, Waithaka alipopiga simu mwenyewe.

"Mathe, kuna mama mmoja Kariandusi anauza. Nyumba haina sura, nisikudanganye. Lakini nimeitembea ile njia mimi mwenyewe, mpaka mlango wa darasa. Ni tambarare yote. Kuja uone."

Mwenye nyumba huyo aliitwa Cheptanui, mjane wa miaka sabini na kitu ambaye mumewe alifanya kazi machimboni, kwenye udongo mweupe, mpaka alipostaafu. Sasa alikuwa anahamia Kabarnet kwa binti yake. Nyumba ilikuwa ya mawe, vyumba viwili na jikoni, bati limepauka, tangi la maji limeegemea ukuta. Kizingiti cha mlango kilikuwa sawa na ardhi. Kimberly aliingia, akatoka, akaingia tena, kwa vile tu aliweza.

"Mama, hilo vumbi la machimbo mnaishi nalo vipi?" akauliza Mercyline.

"Lipo," akasema Cheptanui. "Siku nyingi linaelekea kule chini ziwani. Upepo ukigeuka, utapangusa meza mara mbili kwa siku. Maji ya mfereji yanakuja siku tatu kwa wiki, usidanganywe ni kila siku. Jirani wa huku ni mzuri. Yule wa kule ana mbwa na mdomo. Zahanati iko nyuma ya soko, na nesi yuko."

Katika wauzaji wote aliowaona, huyo alikuwa wa kwanza kumtajia kasoro ya nyumba yake mwenyewe. Mercyline alimpenda hapo hapo.

Njia ilikuwa ya changarawe iliyoshindiliwa, haina mlima. Kimberly alikwenda mbele yao, mikongojo ikitoa sauti moja baada ya nyingine, na alipogusa mlango wa darasa aligeuka uso umelowa jasho, amekenua meno yote.

Mwalimu mkuu, Bwana Kibii, alitoka ofisini. Aliwasalimia, akaitazama mikongojo. "Sitaki kuwaficha," akasema. "Vyoo vyetu vina vidato vitatu. Mtoto kama huyu hatujawahi kuwa naye."

"Sasa mtakuwa naye, mwalimu. Huyu baba yake ni fundi wa vyuma. Atawawekea chuma cha kushikilia. Simenti ya kusawazisha vidato nitaileta mimi. Nitajie tu siku."

Bwana Kibii alimtazama, kisha akamtazama Nicodemus kama anayemwuliza kama ndivyo. Nicodemus alikuwa ameshainama karibu na vyoo, anapima kwa viganja.

Habari kwamba wamekubaliana na Cheptanui zilifika Webuye kabla ya wiki kuisha. Jumapili, baada ya kanisa, Sitati alipanda ngazi zile za Kaptembwo na baba zao wadogo wawili nyuma yake. Mercyline aliwapa chai na mkate, akaketi nao badala ya kurudi jikoni.

"Shemeji," akaanza Sitati, akimtazama Nicodemus, "sisi hatujaja kugombana. Tunauliza tu. Baba alituachia shamba. Mahali pa Nicodemus papo, pamepimwa. Mtu anaachaje kwao akanunue kwa watu? Siasa zikichafuka huko, mtakimbilia wapi? Si mtarudi kwangu na magodoro kichwani?"

Hapakuwa na mtu mzima mle ambaye hakukumbuka mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, watu wakipanda malori kukimbia. Mercyline mwenyewe alikuwa msichana wakati huo. Alilala siku nne uwanjani na mama yake.

"Nakumbuka, shemeji," akasema. "Nilikuwepo. Na baada ya siku nne mama yangu alirudi kwenye chumba chake, akafagia vigae, akaendelea kuuza sukuma wiki. Sitanunua nyumba nikiangalia nyuma kama mwizi. Kariandusi ni Kenya, na mimi ni Mkenya."

"Na mkifa? Mtazikwa wapi, kwenye vumbi la machimbo?"

"Mimi natafuta pa kuishi, shemeji. Ya kuzikwa tutayaongea nikishakufa."

Baba mdogo mmoja alikohoa ndani ya kikombe. Huenda alikuwa anacheka. Sitati hakucheka. "Nicodemus, huyu mwanamke ndiye anakusemea?"

Nicodemus alitazama mikono yake yenye makovu ya cheche. Akafungua mdomo, akaufunga. Mercyline alingoja. Mumewe akainuka, akaanza kukusanya vikombe.

Wageni walipoondoka, hakumpigia kelele. Alikunja kitambaa cha meza, akasema, "Bodi ya ardhi inakaa Alhamisi. Nimeshaandika jina langu kwenye fomu. Kuna nafasi ya jina la pili. Ukija, litakuwa lako. Usipokuja, hati itakuwa na jina moja, na wewe utaishi humo kama mume wangu, karibu sana. Lakini Kimberly hapandi ngazi hizi mwaka mwingine."

Alhamisi aliondoka peke yake. Nicodemus alikuwa ametoka mapema bila kuaga. Katika ukumbi wa bodi, watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakingoja kuitwa. Cheptanui alikuja amevaa kitambaa cha kichwa cha Jumapili, na watoto wake wawili wakubwa, kwa maana bodi hutaka kusikia familia ya anayeuza kwa masikio yake. Waliulizwa mmoja mmoja kama wameridhika. Wote wakaitikia.

"Mnunuzi ni nani?" akauliza mwenyekiti, akitafuta mwanaume nyuma ya Mercyline.

"Mimi."

"Na mzee?"

"Mzee hayupo. Mnunuzi yupo, amesimama mbele yako."

Watu kwenye viti walinong'ona. Mwenyekiti alishika kalamu, akaisogeza karibu na karatasi, na hapo mlango ukafunguliwa. Nicodemus aliingia na ovaroli ya kazi, shati limelowa mgongoni, begani amebeba chuma kirefu kilichopakwa rangi ya kijani. Askari wa mlangoni alikuwa anamvuta mkono akimwambia vyuma haviruhusiwi.

"Samahani, mheshimiwa," akasema, akikiegemeza ukutani. "Nilipitia shuleni kwanza kuweka kile kingine vyooni. Hiki kimezidi. Naitwa Nicodemus. Mimi ni mnunuzi wa pili. Huyu ndiye wa kwanza."

"Majina yaandikwe hivyo?"

"Hivyo hivyo. Lake mbele."

Mercyline hakumtazama. Alihofia angelia mbele ya bodi, na hiyo furaha hakutaka kumpa mtu yeyote. Alinyoosha tu mkono nyuma, akaushika wake.

Walihamia mwanzo wa muhula wa pili. Sitati hakuja, na mpaka leo hajapiga simu. Nicodemus humtumia salamu kila Jumapili bila kujibiwa, na kimya hicho humuuma kuliko anavyokubali kusema. Upepo uligeuka wiki ya kwanza, na Mercyline alipangusa meza mara nne. Jirani wa kule alikuja uani kuuliza kwa sauti watu hawa wametoka wapi. Mercyline akamjibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba wametoka Kaptembwo, na kwamba wakijaliwa hawaendi popote, na sare za watoto wake zikichanika alete.

Siku ya kwanza ya shule, Mercyline alivaa viatu, akabeba begi la Kimberly, akafungua geti. Mtoto alisimama njiani, mikongojo imekita kwenye changarawe.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nakupeleka."

"Hapana. Nipe begi."

"Kim, leo tu."

"Nimesema nipe." Alilivaa mgongoni, akalisawazisha kwa mabega, na uso wake ukawa mkali kama wa mtu mzima. "Na usinifuate nyuma nyuma. Nitakuona."

Mercyline alibaki amelishika geti. Bintiye alikwenda polepole, akapita soko, akafikia kundi la watoto waliosimama kumkodolea macho, akawapita nao pia bila kupunguza mwendo.