Mkono Aliokatazwa Kumpa Mtu

Jovina alirudi Murusagamba kutoka hospitali ya mbali akiwa ameukumbatia mkono wake wa kulia kifuani. Huko walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, ukapanda mpaka moyoni, wakazibua palipoziba. Kisha wakakibana kifundo kwa bangili ya plastiki iliyojaa hewa, wakawa wanaipunguza kidogo kidogo mpaka damu ikakata. Muuguzi akamwonya: asinyanyue ndoo, asikamue nguo, na mkono huo asimpe mtu wiki nzima.

Ndoo na nguo, sawa. Lakini kutompa mtu mkono, Murusagamba hii hii? Huku mtu anakupa wa kulia, wa kushoto ameushikilia chini ya kiwiko kwa heshima, na hakuachii mpaka aulize habari za mbuzi. Waliokuja kumpa pole Jovina aliwapa kiwiko. Wakacheka, wakasema amerudi na maringo ya mjini. Akavumilia. Alipoingia Wiston, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, uvumilivu ukamwishia.

"Shikamoo shemeji," alisema, akautoa mkono.

"Marahaba, mke wetu!" Wiston akaubana kwa furaha yake yote.

Mshipa ukafunguka. Damu ikaruka mpaka ukutani. Anneth, binti wa Jovina, akakimbilia zahanati, akarudi na nesi Tecla. Tecla alibeba pamba, kwa sababu zahanati ilikuwa na pamba tu. Akabana, akabana tena, pamba ikalowa na vidole vikawa vinateleza.

Ndipo akaingia Renatus, mume wa Jovina. Renatus alifariki mvua za mwaka juzi, ndani ya gari lililokwama kilimani akipelekwa hospitali. Walimzika migombani, lakini kaburini hakai. Yuko kilimani anasukuma magari. Madereva wamemzoea, wengine humwachia ndizi mbivu. Alinawa tope kwa sabuni, akavuta kigoda, akaweka kidole gumba juu kidogo ya tundu na kukandamiza. Damu ikakata.

"Umechelewa," Jovina alimwambia.

"Kulikuwa na lori la maharage."

"Usiachie mpaka nikwambie," Tecla akamwagiza. "Na vidole vyake viangalie, visipoe."

"Sawa, nesi."

Mara honi ikalia kilimani. Ikalia tena, ndefu. Mtu akaja anahema: gari limezama, ndani yumo Speciosa, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto hatoki. Renatus akamtazama mkewe. Aliogopa, jamani, hata yeye. Akiachia kidole, Jovina atakwisha. Asipoachia, Speciosa atafia pale pale alipofia yeye.

"Twende wote," Jovina akasema.

"Mama Anneth, hebu tulia!" Tecla akafoka.

"Nitulie nisikilize honi? Honi hiyo niliisikiliza mwaka juzi. Leteni machela!"

Wakamlaza kwenye machela. Wiston alishika mbele, anatokwa na machozi ya aibu, hakuna aliyemsema. Renatus alitembea ubavuni, kidole palepale. Walipofika kwenye tope akaweka bega kwenye gari, mkono mmoja nyuma kwa mkewe. Jovina akapiga kelele kutoka kwenye machela: "Haya! Sukuma! Tena!" Gari likatoka. Speciosa akafika hospitali, akajifungua mtoto wa kike. Jioni Tecla akamwambia Renatus alegeze kidogo, halafu kidogo tena. Halikutoka tone. Renatus akala ugali, akarudi kilimani.

Mvua zilipokatika, mheshimiwa mmoja akaja kutoka mjini kuhutubia. Alisema barabara inapitika vizuri, kwani hakuna gari linalolala njiani. Alisema na zahanati haina upungufu, kwani hata mgonjwa wa moyo amehudumiwa hapa hapa kijijini. Watu wakapiga makofi, kwa desturi. Akamfuata Jovina mbele ya wote, akamnyooshea mkono.

Kidonda cha Jovina kilikuwa kimepona zamani. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kulima.

"Mkono huu nimeambiwa nisimpe mtu," alisema.

Mkono wa mheshimiwa ukabaki hewani. Wiston akakohoa. Anneth akaangalia pembeni asicheke.

Mvua ya mwisho, iliyokuwa imesahau kunyesha, ilinyesha mheshimiwa akiwa njiani. Gari lake likazama kilimani. Renatus alikuwepo, ameketi ukingoni, amekunja miguu, anamenya ndizi kwa utaratibu. Dereva akampigia honi mpaka betri ikachoka. Trekta likatumwa kutoka mjini, likalivuta gari la mheshimiwa, likaondoka nalo. Tope wakaliacha.

Kesho yake lilikwama gari lililobeba mgonjwa. Renatus akatupa ganda la ndizi, akakunja suruali, akaingia kwenye tope kusukuma.