Zege la Josephati

Maji mekundu yalipogonga mbao za mlango wake na kugeuka, Lusia alicheka kwa sauti. Duka lake la ushonaji hapa Karatu halikuwa limewahi kubaki kavu katika mvua kama ile. Maji yaliyokosa kuingia kwake yalikuwa yakiingia kwa jirani, kwenye mashine ya kusaga ya Josephati.

Josephati alistahili. Yeye ndiye aliyeufunika mtaro uliopita mbele ya maduka yao kwa zege ili apanue baraza lake, na masika yaliyopita sare za shule alizoshona Lusia zikaelea matopeni. Alipokwenda kulalamika, alijibiwa, "Kwani mvua nainyesha mimi?" Tangu hapo salamu zilikatika, na walipopishana, kila mmoja alitema mate pembeni.

Neema, afisa wa kata aliyepita kuwafundisha wenye maduka kujikinga na mafuriko, alimwonyesha Lusia namna ya kupanga viroba vya mchanga na kuchomeka mbao mlangoni. Kisha akamwonya: "Dada, maji hayafi kwa kuzuiwa. Yanahamia kwa jirani. Dawa ni kuuzibua mtaro." Josephati alimfukuza kwa matusi. Lusia akaenda kujaza viroba. Katika maneno yote yale, alikuwa ameokota moja: jirani.

Sasa alimtazama Josephati, maji magotini, akihangaika na magunia. Moja likapasuka, mahindi yakatawanyika. Hayakuwa yake. Yaliletwa asubuhi na akina mama wa kijiji cha Buger, waliotua mizigo hiyo kutoka migongoni wakamsalimu Lusia kwa Kiiraqw, lugha ya kwao. Lusia akaacha kucheka.

"Ondoa viroba vyako, mchawi wewe!" Josephati alifoka.

"Niviondoe ili nizame mimi?"

Lusia alichukua mtaimbo nyuma ya mlango, akaingia majini mpaka barazani kwa Josephati, akalipiga zege. Josephati akamdaka mkono.

"Ukilivunja, Lusia, hatutaishi mtaa mmoja."

"Kwani sasa tunaishi?"

Walitazamana kwa chuki isiyopungua hata chembe. Nyuma yao gunia jingine likaanguka. Josephati akampokonya mtaimbo, akauinua. Lusia akajikinga uso kwa kiwiko.

Pigo lilitua kwenye zege. Akapiga tena, na tena, akitukana, mpaka likafumuka na maji yakaanza kunguruma chini ya miguu yao.

Hakuna aliyeshukuru. Josephati aliuchomeka mtaimbo topeni, katikati ya milango miwili, akarudi kwenye magunia yake. Lusia alibaki mvuani akiutazama, asijue auchukue au auache palepale.