Do ya Peres

Ukiwasikia waimbaji wa Mwangwi kwa mara ya kwanza, unaanza kutafuta gita liko wapi. Halipo. Kuna Janice juu kabisa, Dedan akiongoza, Awiti katikati na kayamba mkononi, na Omollo akinguruma chini huku viganja vyake vikiizungumzisha ngoma. Sauti zinashikana hadi huwezi kujua ya nani imeanzia wapi. Awiti aliimba humo, lakini pia alikuwa shabiki wao mkubwa kuliko wote. Kila kiitikio kilipofika, mwili ulimsisimka.

Ndiyo sababu alimchukia Dedan kwa moyo wote.

Wimbo uliowatoa katika kwaya ya vijana kule Uthiru ukawafikisha redioni aliutunga Peres, binamu yake Awiti, na Peres ndiye aliyeuongoza. Peres alipokwenda kujifungua, Dedan aliurekodi bila yeye. Akaushusha hadi pale koo lake lilipoweza, na kwenye jalada la CD akaandika kwamba mtunzi ni Dedan. Peres hakugombana na mtu. Aliacha tu kuimba, hata akifua nguo. Nyumba yake ilinyamaza, na kimya chake kilimchoma Awiti kuliko matusi.

Jumamosi hiyo ya mwaka 2004 walikuwa katika ukumbi mmoja katikati ya mji, na watu walijaa hadi kwenye ngazi.

"Leo watanijua," Dedan alisema nyuma ya pazia, akinyoosha kola.

"Watakujua kabisa," Awiti akamjibu.

Dedan alisahau jambo moja. Mwangwi walikuwa bado wanaanza wimbo kwa desturi ya kwaya: mtu mmoja anaivumisha do, noti ya kwanza, kila mwimbaji anatafuta sauti yake kutoka hapo, na hakuna wa kubisha mbele ya watu. Mtu huyo alikuwa Awiti.

Zamu ya wimbo ule ilipofika, akavumisha do ya Peres, ile ya juu.

Janice alimtupia jicho, akatabasamu. Ubeti wa kwanza Dedan aliuvuka kwa shida, mishipa ya shingo imemtoka. Kiitikio kilikuwa juu zaidi, lakini kabla yake waimbaji hupumzika, zikabaki ngoma na kayamba tu. Dedan akamsogelea Awiti akijifanya anacheza.

"Awiti, umenipea sauti gani hiyo? Shusha!"

"Sema wimbo ni wa nani."

"Wewe, hapa si mahali."

"Basi imba."

Akaendelea kutikisa kayamba. Omollo alielewa, akaongeza ngoma, mapumziko yakarefuka. Watu walipiga makofi wakidhani ni madoido. Jasho lilimtiririka Dedan, na Awiti akalitazama kwa raha ambayo hakujua anayo. Hatimaye Dedan akashika maikrofoni.

"Wimbo huu," akasema, "ulitungwa na Peres wa Uthiru."

Ukumbi ukashangilia. Dedan akamgeukia Awiti, macho yakimsihi: haya, nimesema, sasa shusha.

Awiti alikuwa amepanga kushusha. Kisha akaikumbuka ile nyumba iliyonyamaza. Akainua kidevu, akavumisha do ileile.

Dedan alifungua kinywa, sauti ikapasuka kama kikombe. Mtu akacheka. Kabla kicheko hakijaenea, Janice aliidaka sehemu ya Peres na kuipandisha ilikostahili, safi, bila haraka. Dedan akabaki amesimama bila kazi. Halafu, taratibu, akajitafutia mahali chini ya Janice, juu ya Omollo, akaingia.

Mwangwi hawakuwahi kuimba vile. Sauti nne zilikaa kila moja mahali pake, na mwili wa Awiti ukasisimka kuliko siku zote. Alikuwa amekuja kumwaibisha mtu huyu, na mtu huyu ndiye aliyekuwa akiukamilisha wimbo. Hasira ilimkaba upya. Akaitikisa kayamba kwa nguvu zote, machozi yakimtoka, asikose pigo hata moja.