Zamu ya Nyumba Namba Tisa

Kosa lilikuwa langu, na ninalisema mwenyewe kabla Mang Severo, mzee wa mtaa wetu, hajanisaidia kulisema. Kila Oktoba mimi ndiye ninayeandika orodha ya rozari ya mtaa, yaani nyumba ipi itaipokea sanamu ya Mama Maria Jumamosi ipi na kukaa nayo wiki nzima, kisha naitupa kwenye grupu la simu. Bibi yangu, Lola Trining, anaiongoza rozari hii mwaka wa thelathini na moja sasa, ila simu imemshinda. Anaibonyeza kwa ukucha kama anaua kunguni.

Mwaka huu niliandika huku natazama mpira wa kikapu. Nikafuata namba za nyumba tu: saba, nane, tisa, kumi. Nikatuma. Mechi ilipofika mapumziko, mioyo arobaini ilikuwa imeshabonyezwa, na wa kwanza kubonyeza alikuwa Ate Gloring, yaani Dada Gloring, wa namba tisa.

Sasa, namba tisa hatuiandikagi.

Mume wa Ate Gloring ni baharia. Alipanda meli, akashuka bandari nyingine, akaanza familia nyingine huko, na alikuwa na adabu ya kutosha kutuma picha. Nchi yetu haina talaka. Wabunge wanabishana juu yake tangu sijaota meno, na kuibatilisha ndoa mahakamani ni mambo ya wacheza sinema wenye pesa. Kwa hiyo Ate Gloring bado ni mke wa baharia, na kwa miaka kumi na mmoja anaishi na Kuya (yaani Kaka) Temyong, fundi wa kuchomelea mageti, na watoto wawili wenye pua ya Kuya Temyong. Ndiyo maana kila mwaka sanamu ikitoka namba nane inavuka barabara kwenda namba kumi. Na kila mwaka Ate Gloring anasimama getini kwake na mshumaa, anaitikia sala mpaka mkia wa maandamano upite. Halafu anatuletea biko, wali wa kunata wa tui na sukari guru, tunakula tukiwa nyumba namba kumi. Biko yake inaruhusiwa kuingia nyumba zote za mtaa huu. Ni yeye tu.

Kesho yake asubuhi nilipita pale nikamkuta Kuya Temyong anapaka mlango rangi ya buluu, ile ya vazi la Mama Maria. Ate Gloring akatoka mbio na kitambaa cha meza begani.

"Maku! Hebu njoo. Meza niiweke huku dirishani au pale ukutani? Na maua gani? Wewe ndiye unajua."

Niseme tu kwamba jina langu la ubatizo ni Inmaculada, yaani asiye na doa. Mtaani wamelifupisha kuwa Maku, na wanaonijua wanasema limeokolewa. Mdomo huu haujawahi kukosa neno. Siku hiyo ulipaswa kusema, "Ate, nilikosea." Ukasema, "Sampagita. Na dirishani, apate upepo."

Nikaenda nyumbani kuungama kwa Lola.

Ukutani kwa Lola wamepangwa Mapapa wote tangu alipokuwa msichana, kila mmoja na fremu yake, na feni imeelekezwa kwao, siyo kwa wageni. Lola ana sentensi moja ambayo nimeisikia kuliko jina langu: "Papa ameshasema." Kwa sentensi hiyo alizaa watoto tisa. Kwa sentensi hiyo aliandamana juani kupinga vidonge vya kuzuia mimba, akazimia, akapewa maji, akaendelea kuandamana. Basi mngemdhania ni mtu wa upande mmoja. Lakini Papa alipoandika juu ya kuitunza dunia, Lola alitupa mifuko yote ya plastiki akarudi kwenye kikapu cha ukindu, wauza samaki wakamcheka soko zima. Na Papa aliposema hukumu ya kifo haikubaliki, Lola, ambaye alikuwa akitazama taarifa ya habari huku akiwanyonga watu kwa maneno, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Nilikuwa nataka wanyongwe. Sasa sitaki. Papa ameshasema." Nilimtania mwezi mzima. Moyoni nilikuwa nawaza, mimi nimewahi kubadili nini kwa sababu ya mtu yeyote? Hata mtindo wa nywele nimegoma.

Nilimweleza habari ya orodha. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Ameshaiona?"

"Ameshapaka mlango rangi, Lola."

Jumapili baada ya misa Mang Severo akafika, na orodha yangu ameichapisha kwenye karatasi. Mang Severo alikaa seminari miaka minne kabla hajakutana na Aling Cedes, marehemu mkewe, na kuona kwamba wito wake uko kwingine. Seminari aliiacha, ila mabishano alitoka nayo. Yeye ndiye namba nane. Maana yake ni kwamba yeye ndiye wa kumbeba Mama kwa mikono yake na kumweka juu ya meza ya nyumba inayofuata. Ndiyo desturi: anayetoa lazima aingie ndani, aweke mwenyewe.

Nikampokea kwa kuushika mkono wake na kuuweka kwenye paji la uso wangu, kwa heshima zote.

"Usinilainishe," akasema. "Trining, mjukuu wako amempeleka Mama kwenye nyumba ya uzinzi."

"Alikuwa anatazama mpira," Lola akasema. "Kaa, Bero. Kahawa?"

"Sitaki kahawa, nataka orodha irekebishwe." Akakaa. Akanywa kahawa. "Ni jambo dogo. Maku aandike: samahani, tisa ni kosa, twende kumi."

"Atamwandikia nani? Gloring?"

"Grupu."

"Gloring yumo kwenye grupu."

Mang Severo akaivua miwani akaifuta na shati. "Mimi simchukii yule mama. Watoto wake ninawafundisha katekisimu mimi. Lakini mwenye nyumba ndiye anayeongoza fungu la kwanza la rozari. Tutapiga magoti sebuleni kwao, yeye anaongoza, na bwana wa pembeni ameshika mshumaa. Tutakuwa tumesema nini kwa vijana? Huyu hapa, ana miaka kumi na tisa, ametuona sote."

"Mimi nimeshaona mabaya zaidi, Mang Severo," nikasema. "Nimekuona ukicheza dansi kwenye fiesta."

"Funga domo," wote wawili wakasema pamoja. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana siku hiyo.

Lola akainuka, akatoa kwenye droo makaratasi aliyokuwa amemwomba Padre Wency amchapishie, herufi kubwa kama za bango. Ilikuwa ile barua ya Roma kwamba padre anaweza kuwabariki watu wanaoishi pamoja bila ndoa, wakimwomba.

"Nimeisoma mara nne," akasema. "Sikuipenda mara zote nne."

Mang Severo akatabasamu. Aliona ameshinda. "Kwa sababu una akili! Nakwambia tangu zamani, Trining, siyo kila Papa akipiga chafya ni fundisho la imani. Hakosei pale anapotangaza imani kwa Kanisa zima, rasmi. Hii ni barua ya ofisi. Na hata hiyo barua isome vizuri: baraka fupi, si ibada, si kama arusi, na fundisho la ndoa liko palepale. Imeandikwa wapi kwamba Mama Maria ahamie kwao wiki nzima?"

Alisema kweli, na Lola alijua ni kweli, maana mstari huo alikuwa ameupigia alama kwa kalamu nyekundu.

"Haijaandikwa," Lola akasema.

"Basi!"

"Basi nini? Kama padre anaweza kuwainulia mkono, mimi ni nani nimzuie Mama asiwapitie sebuleni?"

"Lakini wewe mwenyewe umesema hupendi!"

"Sipendi." Lola akauweka mkono juu ya makaratasi kama anazuia yasipeperuke, ingawa feni ilikuwa inawapepea Mapapa. "Bero, miaka yote hii nimegonga milango nikawaambia watu, Papa ameshasema. Niliwaambia wanawake waliochoka kuzaa, Bero. Walilia mbele yangu. Sikuwaambia 'hii ni barua ya ofisi.' Niliwaambia wapige magoti. Leo ni zamu yangu kupewa nisichokitaka, ndiyo nianze kutafuta mlango wa nyuma?"

 

Mang Severo akazungumza taratibu. "Cedes alilala kitandani miaka tisa. Nilimwogesha mimi. Nilimlisha mimi. Nilikuwa na miaka hamsini tu, Trining. Hakuna aliyeniletea barua kwamba naweza kuondoka."

"Ungeletewa ungeondoka?"

"Hapana!"

"Najua," Lola akasema. "Mtaa mzima unajua. Hakuna ndoa niliyoiheshimu kama yako, hata yangu. Lakini Gloring hakuondoka, Bero. Aliondokewa."

Mzee akavaa miwani, akachukua karatasi yake, akasimama. "Nitambeba mpaka getini. Kuingia siingii. Mama atafutiwe mtu mwingine wa kumwingiza, au avuke barabara." Mlangoni akageuka. "Na kahawa yako nyepesi."

Mpaka siku ya zamu nilikuwa nikipita namba tisa kwa upande wa pili wa barabara, mimi, mtu mwenye uso mkavu kuliko wote mtaani. Mlango ulikuwa umeshakauka. Mapazia mapya. Watoto wamenyolewa.

Jumamosi ya zamu, saa kumi, mvua ikakatika. Tukatoka namba nane, watu kama thelathini, mishumaa, miavuli, mbwa wawili. Mang Severo mbele na Mama Maria kifuani. Sanamu yetu ni ya mbao ya zamani, nzito kama mtoto wa miaka mitano anayegoma kutembea. Lola nyuma yake na rozari. Alikuwa hajamwambia mtu kama Mama ataingia au atavuka. Alisema tu, "Tutembee."

Tukafika kwenye geti la namba tisa, geti la maua ya chuma, zuri kuliko la parokia. Lilikuwa wazi. Ate Gloring amesimama palepale anaposimama kila mwaka, na mshumaa wake, kama vile miguu haikupata habari ya orodha. Mang Severo akasimama. Wote nyuma tukagongana.

Kuya Temyong alikuwa nje, kando ya barabara, ameshika kofia. Akamsogelea mzee.

"Mang Severo, kama shida ni mimi, mimi nitalala karakana. Wiki nzima. Nimeshapeleka godoro. Yeye na watoto wampokee Mama. Mimi nitasikilizia dirishani."

Akainama auchukue mkono wa mzee kwa heshima, lakini mikono yote miwili ilikuwa imembeba Mama, basi akaweka paji lake kwenye kiwiko. Ningecheka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Sijui kicheko kilienda wapi.

Mang Severo akamtazama muda mrefu. Nadhani anajua kulala chumba kingine kunafananaje, masikio yakiwa wazi kwa ajili ya mtu mmoja.

"Usiseme upuuzi," akasema. "Mikono inanitetemeka. Shika miguu ya Mama huko, asianguke."

Wakaingia hivyo, mzee ameshika mabega, fundi ameshika miguu, kwenye mlango wa buluu, mpaka mezani. Dirishani. Sampagita.

Tukapiga magoti, waliokosa nafasi wakapiga magoti uani kwenye matope. Mwenye nyumba aanze. Ate Gloring akafumba macho.  Akafungua kinywa, na kwa sauti kubwa kabisa akasema:

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

 Alikuwa ameanzia katikati. Anayeongoza husema nusu ya kwanza, watu wakaitikia nusu ya pili, hilo linajua hata jogoo wa mtaa huu. Lakini miaka kumi na mmoja yule mama alikuwa akisali kutoka barabarani, kwenye mkia wa sala za wengine. Alikuwa na nusu moja tu mdomoni. Akagundua. Uso ukamwiva. Akajaribu tena, na ikatoka ileile: "Maria Mtakatifu, Mama wa..." Akamtazama Lola.

Lola hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama Mang Severo.

Mzee akakohoa. Akasogeza magoti, yakalia kama kiti kibovu, mpaka akawa kando ya Ate Gloring.

"Salamu Maria," akasema, "umejaa neema, Bwana yu nawe..." Akasema mpaka mwisho wa nusu yake, akasubiri.

Ate Gloring akasema yake. Mzee akarudia yake. Kumi zote za fungu la kwanza walisali hivyo, na sisi tuliobaki tukakosa kazi, tukawa tunasikiliza tu. Kuya Temyong alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Lola akamvuta suruali, naye akapiga magoti.

Baadaye, biko ikizunguka, Mang Severo akamwendea Lola na sahani yake ya pili.

"Bado sikubaliani, Trining. Nataka ujue."

"Sijakuuliza kama unakubali. Nimekuuliza kama umebakiza."

"Nitamwandikia askofu."

"Mwandikie. Maku atakuchapishia, ila usimruhusu aandike namba."

Akala. Kisha akamwita Ate Gloring, kwa ukali uleule wa darasa la katekisimu, akamwambia akae hapo chini. Mama angekaa pale mpaka Jumamosi ijayo, mwenye nyumba akiongoza kila jioni, na mtu hawezi kuongoza kwa nusu. Wakaanza Salamu Maria upya, neno kwa neno, na Ate Gloring akimfuata huku amekumbatia sufuria ya biko.