Kimo cha Sikio la Marehemu

Mama Pasi alimaliza shati la mwisho la wahudumu wa hoteli, akachomoa waya ukutani, akaisimamisha pasi ipoe. Kisha akachukua futi kamba, akapiga magoti sebuleni na kuanza kupima upana wa spika za marehemu mumewe. Zilikuwa spika mbili za kizamani, za mbao nzito, zimevikwa kitambaa cha kahawia usoni, na kila moja ilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo. Zilitoka kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa zamani. Siku zilipoletwa, wapagazi waliozipandisha ngazi walipumzika kila ghorofa, na mmoja wao mpaka leo anatembea akienda upande.

Tangu siku hiyo zilikaa sakafuni, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Spika za aina hii zikikaa chini, sauti yote nzuri inapita magotini, na sikio la mtu aliyeketi linaambulia makombo. Marehemu aliijua kasoro hiyo na aliilalamikia muda wote wa uhai wake. Jioni akirudi kutoka kwenye stoo ya vipuri, ambako alikuwa mtunza stoo, alikaa kwenye kiti chake, akaweka santuri, akainamisha shingo kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni, akasikiliza. Mkewe akimwambia kuna jambo, alijibu bila kugeuka.

"Ngoja kwanza. Hizi zikishapata stendi tutakaa tuongee."

Akafa hazijapata stendi. Mwezi mmoja baada ya mazishi alianza kurudi, kila jioni, wakati uleule wa kutoka kazini. Alifuta viatu mlangoni, akavua kofia, akakaa na koti lake la kijivu la stoo. Mto wa kiti haukubonyea. Vidole vyake havikuwa tena na nguvu ya kuinua sindano ya gramafoni, kwa hiyo Mama Pasi ndiye aliyemwekea santuri. Giza likishaingia vizuri, aliondoka. Majirani walimwamkia ngazini naye akaitikia. Mwenye nyumba alipopata habari, aliuliza tu kama mzee atakuwa anatumia maji.

Jambo ambalo Mama Pasi alitaka waongee lilikuwa moja tu. Walikuwa na mtoto, binti, mmoja huyohuyo. Homa ilimchukua akiwa bado anang'oka meno ya utotoni. Spika zilifika nyumbani wiki ileile ya msiba, na tangu zilipofika, baba mtu hakulitamka tena jina la mtoto. Kabla ya hapo mtaa mzima ulimwita mkewe Mama, na kumalizia kwa jina la binti huyo, kama anavyoitwa mama yeyote. Baada ya mazishi ya mtoto watu waliona huruma, wakaliacha. Kwa muda hawakumwita kitu chochote. Walikohoa tu wakitaka ageuke. Baadaye mteja mmoja aliyeleta nguo akamwita Mama Pasi, wengine wakashukuru kupata pa kushika, na jina likaganda. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini inauma kuitwa mama wa kipande cha chuma wakati ulizaa.

Kwa hiyo duniani walikuwa wamebaki watu wawili waliomjua yule mtoto vizuri, waliojua alivyokuwa akicheka kabla hujamaliza kumtekenya, na mmoja kati ya hao wawili sasa alikuwa marehemu. Mama Pasi alitaka aitwe kwa jina lile mara moja tu, na mtu yule, ndani ya nyumba ile. Hakutaka zaidi. Upweke ulikuwa umemkaa mwilini kiasi kwamba alikuwa akiyaaga mashati anapoyakunja. Akaona dawa ni kumwondolea mzee kisingizio. Stendi zitafutwe.

Kwenye duka la vyombo vya muziki zilikuwepo stendi, nyembamba, zinang'aa, za kubebea spika ndogo za siku hizi. Mwenye duka alisikiliza vipimo, akaomba arudiwe, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Mama, hizo zako siyo spika, hizo ni nyumba. Zitafutie mpangaji."

Mchomeleaji wa mageti naye alikataa, ingawa yeye alikataa kwa adabu. Alisema chuma kikibeba spika kubwa kinaanza kuimba na chenyewe, na mzee atasikia wimbo ndani ya wimbo. Mama Pasi akajaribu la kwake. Akasukuma meza ya runinga, akaita wapagazi wainue spika moja waiweke juu. Meza ilitoa mlio mmoja ikalala. Wapagazi walisema pole, wakairudisha spika sakafuni, wakaondoka na vipande vya meza kwa ajili ya kuni.

Ndipo alipoambiwa habari za fundi wa vitanda. Fundi huyo alikuja na penseli sikioni, akazizunguka spika, akazigonga ubavuni kwa kidole, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Unataka stendi ziwe na urefu gani?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe, fundi."

"Mimi mama sipimi kitu, napima mtu. Kitanda, nampima anayelala. Meza, napima kiwiko. Hapa nitapima sikio, maana sauti inatakiwa imfikie mtu sikioni akiwa amekaa. Anayesikiliza ni nani?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi nimpime?"

"Alishafariki. Anakuja jioni."

"Basi nitapita jioni," alisema fundi, na akapita.

Alimkuta marehemu ameshakaa. Akamwamkia, akafungua futi yake, akamwomba akae kama anavyokaa siku zote. Marehemu akainama.

"Hapana, mzee, kaa wima. Nikikupima umeinama, utainama milele."

Marehemu akanyooka. Ilimchukua muda, kwa sababu shingo ilikuwa imezoea. Fundi alipima kutoka sakafuni mpaka katikati ya sikio, akapuliza vidole vyake vilivyoingia baridi, akaandika kwa penseli kwenye kiganja. Mzee akamuuliza ni mbao gani. Fundi akamwambia ngumu, iliyokauka. Mzee akasema miguu iwe minene na iunganishwe chini kwa mhimili. Fundi akasema ataacha uwazi ndani ya miguu aujaze mchanga mkavu, ili mbao zisipokee mtetemo. Mzee akasema vizuri sana, na ziegemee nyuma kidogo, kidogo tu, kama mtu aliyeshiba. Wakacheka wote wawili.

Mama Pasi alikuwa akipiga pasi mashuka. Alikuwa hajamsikia mumewe akisema maneno mengi hivyo tangu msiba wa mtoto, na wivu ulimpanda mpaka akaunguza pindo la foronya.

Fundi alichora mistari miwili ya chaki sakafuni, mmoja kutoka kila spika, ikakutana chini ya kiti cha mzee.

"Sauti ya kushoto na ya kulia zinakutana hapa tu," alisema. "Hapa ni pa mtu mmoja. Wewe mama huwa unakaa wapi?"

"Mimi napiga pasi."

Fundi akaitazama meza ya pasi. Ilikuwa karibu na dirisha, nyuma ya spika, kwa sababu ya mwanga.

"Huko nyuma unapata besi tu."

"Ndiyo ninayoijua," alisema Mama Pasi.

"Nikupime na wewe? Naweza kutafuta kimo cha katikati. Mzee atapunjika kidogo, na wewe utapata kidogo. Kiti cha pili tunakibananisha hapa pembeni."

Mama Pasi alimtazama mumewe, aone atasema nini. Mumewe alikuwa anazitazama spika.

"Pima yeye tu," alisema Mama Pasi.

Hilo lilikuwa kosa, na fundi aliliona, lakini kazi ya fundi ni kupima anayeambiwa ampime. Akafunga futi yake. Stendi zikishachongwa kwa sikio moja, zinakuwa mali ya sikio hilo.

Zilipokamilika zililetwa na mkokoteni. Zilikuwa imara, nyeusi, na mtu angeweza kufungia ng'ombe. Wapagazi waliinua spika kwa kamba na kelele nyingi, wakazikalisha juu ya stendi, fundi akaweka pimamaji kila upande, akaridhika. Mchana ule Mama Pasi hakushika pasi. Alioga, akavaa gauni alilokuwa akiliwekea shughuli, akapaka mafuta mikononi kwenye makovu ya moto. Akasogeza kigoda karibu na kiti cha mumewe, karibu kabisa kadiri mistari ya chaki ilivyoruhusu. Kisha akangoja kama mwari.

Marehemu alifika, akafuta viatu, akasimama mlangoni. Akaziendea stendi, akapitisha mkono juu ya mbao.

"Kazi nzuri," alisema.

Akakaa, wima. Mama Pasi akaweka santuri, akashusha sindano, akaja kukaa kwenye kigoda. Sauti ilitoka safi kuliko siku zote. Mwimbaji alisikika akivuta pumzi kabla ya kila ubeti, na nyuma yake mtu mmoja wa bendi alisogeza kiti. Machozi yalimtoka marehemu, yakakauka kabla ya kufika kidevuni.

"Zimepata stendi," alisema Mama Pasi.

"Zimepata."

"Ulisema zikipata tutaongea."

"Nilisema."

"Basi niite. Niite kama ulivyokuwa ukiniita."

Hakuuliza ana maana gani. Alijua. Uso wake ulilegea, ukawa ule uso wa zamani, wa kabla ya homa, na midomo yake ikakutana kwa ajili ya herufi ya kwanza. Mama Pasi alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Ngoja huu wimbo uishe," alisema marehemu, na midomo ikakutana tena pale pale, tayari.

Lilikuwa ombi la haki. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kawaida, urefu wa kuchemsha chai. Mama Pasi akangoja. Wimbo haukuisha. Sindano ilifika mwisho, karibu na karatasi ya katikati, ikatulia hapo, na santuri ikaendelea kuzunguka, na ubeti ukafuata ubeti, nyingine ambazo hakuwahi kuzisikia. Umeme ulikatika mtaa mzima, friji ikanyamaza, wimbo ukaendelea. Mama Pasi alisinzia kwenye kigoda. Alipoamka kulikuwa kumekucha na mumewe hakuwa ameondoka.

Tangu hapo haondoki. Anashinda na kulala kwenye kiti, wima, midomo imekutana. Fundi wa vitanda aliitwa aje kuangalia. Aliweka tena pimamaji, akapima sikio, akasema stendi hazina kosa lolote, akanywa chai, akamwambia mzee kwaheri. Mwenye nyumba alileta ujumbe kwamba sauti si mbaya, ila mlango ufungwe.

Kuna siku Mama Pasi aliamua kuinua sindano. Alikwenda mpaka kwenye gramafoni, akaingiza kidole chini ya mkono wa sindano, akageuka kumtazama mumewe. Mumewe hakumzuia. Akafikiria: nikiinua, wimbo utakuwa umeisha, na yeye atalazimika kusema. Kisha akafikiria: na nikiinua asiseme? Ngoja ile ndicho kitu pekee alichowahi kupewa kuhusu mtoto wake na mtu yule. Ikiisha bila jina, hatakuwa na cha kungoja, na nyumba itakuwa kubwa kumshinda. Alisimama hapo mpaka kidole kikafa ganzi. Akakitoa, akarudi kwenye mashati.

Siku hizi analitamka mwenyewe. Anapiga pasi nyuma ya spika, kwenye besi, na kila mwimbaji anapopumzika, analisema jina la binti yake kwa sauti ya kusikika. Mumewe anainua kidole kimoja kumwomba angoje. Yeye anakunja shati, anachukua lingine.

Upande wa pili wa ukuta amehamia mpangaji mpya, mama mchangamfu anayefanya kazi hospitali, ambaye hajui habari za zamani za nyumba ile. Juzi walikutana ngazini, Mama Pasi akiwa na kapu la nguo kichwani.

"Huo wimbo wenu mzuri jamani, Mama Pasi," alisema. "Mimi naulalia. Ila yule mwanamke wa bendi anayeitikia kwa lile jina, sauti anayo, lakini anachelewa kila mara."

Mama Pasi akasema ni kweli, anachelewa, akashika kapu lake vizuri na kuendelea kupanda.